Madume Kumi na Mmoja wa Kayahara

Uliangalia pembeni. Usinikatalie, nilikuwepo. Juzi pale njia panda, lori la nyama liliposimama na yule farasi jike mzee wa nyumba ya Hosokubo akapandishwa kwa kusukumwa matako, wewe uliinama ukajifanya unafunga kamba za viatu. Ulikuwa umevaa mitalawanda, viatu vya mbao. Mitalawanda haina kamba za kufunga.

Halafu nikakusikia ukimwambia jirani yako, "Ah, farasi mwenyewe mfupi."

Basi leo utanisikiliza. Nitakueleza jinsi ufupi ulivyofanywa kosa katika bonde hili la Kiso, na nani aliwapeleka wafupi wakahukumiwe. Jina langu utalisikia humo ndani, wala sitalificha. Na usije ukadhani ni hadithi ya mambo yaliyokwisha. Dume mmoja wa damu yetu bado yu hai, ng'ambo ya mlima, kwenye hekalu dogo la Mitake. Ana miaka kumi na tisa. Majike wa damu hiyo waliobaki hawazidi vidole vya mikono yangu, na mkono mmoja nilikatwa kidole na mundu. Msimu huu wa kupandisha ukipita bila mimba, farasi wa Kiso watabaki kwenye picha. Sasa sikiliza.

Ni miaka kumi iliyopita, mwezi wa tano, theluji imebaki kileleni tu. Kijiji chetu cha Kayahara kilikuwa na madume kumi na wawili. Kumi na wawili, katika nyumba thelathini! Kila dume alilala chini ya paa moja na wenyewe, upande wa kusini penye jua, na sisi watu tukalala upande wa baridi. Farasi alikula kwanza. Sufuria yake kubwa ya nyasi na maganda ya maharage ilitangulia jikoni, ndipo ukafuata uji wetu wa mtama. Mke akiolewa Kayahara haulizwi anajua kupika nini. Anaulizwa kama farasi wa nyumba amemkubali.

Mimi alinikubali Asagiri. Alikuwa dume wa mama mkwe wangu, Bi Toku: rangi ya majani makavu, na mstari mweusi mgongoni kama samaki mkunga aliyenyooka. Tumbo kubwa, miguu mifupi, ya nyuma imepinda magoti kwa ndani. Watu wa bondeni walimcheka. Lakini mpakie magunia mawili ya mkaa umteremshe kwenye jabali lenye barafu, uone kama atateleza.

Mume wangu alikuwa keshachukuliwa vitani, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili na farasi. Na katika wanawake wa kijiji, msomaji nilikuwa mimi. Shule nilikaa miaka minne tu. Mengine niliyasoma ukutani. Kwetu kuta zilibandikwa magazeti makuukuu kuzuia upepo, nami nilisoma ukuta wote, hata ule wa nyuma ya zizi, nikiwa nimesukuma kichwa cha Asagiri pembeni. Ndiyo maana tangazo lilipofika, lililetwa kwangu.

Lilisema: tarehe ishirini na mbili, uwanja wa shule, madume wote wa farasi waletwe kupimwa na kuchaguliwa, kwa ajili ya kuboresha farasi wa taifa. Basi. Hayo ndiyo yaliyoandikwa.

Wewe ungeelewa nini? Sisi kupimwa tulikujua. Kila mwaka kwenye soko kubwa la farasi la kiangazi huja mtu na fimbo ya kupimia, anapima mgongo wa kila farasi, na wanaochaguliwa huchomwa alama kwenye kwato na mwenye farasi hurudi nyumbani akitembea katikati ya barabara. Wiki tatu kabla ya soko hakuna anayekata kwato. Zinaachwa zirefuke ili farasi apate kimo. Siku yenyewe farasi anaogeshwa mtoni, singa za shingo zinasukwa, anavishwa kitambaa chekundu na njuga.

"Wamekuja mapema mwaka huu," Bi Toku akasema, akicheka hadi jino lake la pekee likaonekana. "Lazima jeshi linataka mbegu. Mke wa mwanangu, nenda ukawaambie wengine. Wasije wakabaki malishoni kama wajinga."

Nikaenda. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa miguu yangu. Nyumba hadi nyumba, na tangazo mkononi. Madume sita walikuwa juu malishoni, mbali, hakuna afisa ambaye angepanda huko kuwatafuta. Niliwaambia wenyewe wawashushe.

Mmoja tu alinipinga. Mzee Yasoji, mchukuzi wa mizigo, mjane, mwenye dume wa kahawia aliyeitwa Ganta. Nilimkuta anashona kiatu cha majani cha farasi wake.

"Kinue," akaniuliza, "hiyo karatasi yako imesema baada ya kuchagua watafanya nini?"

"Watachagua, babu. Wazuri watapata alama."

"Na wabaya?"

"Wabaya watarudi nyumbani, watakwenda wapi tena?"

Akang'ata uzi. "Mwezi uliopita nimepeleka mizigo bonde la Ina. Siku nne nimelala huko. Sijasikia dume akilia. Mwezi wa nne, majike wamo kwenye joto, na bonde zima kimya kama limefiwa. Wewe umewahi kusikia mwezi wa nne wenye kimya?"

"Labda walikuwa malishoni."

"Labda," akasema. "Na labda mimi ni mkubwa wa jeshi."

Nikamcheka. Nikarudi nikamweleza Bi Toku, naye akasonya. "Yule farasi wake ana kidonda mgongoni, anaona aibu. Mwambie mficha uchi hazai!"

Siku ya ishirini na mbili asubuhi tulipita mbele ya nyumba ya Yasoji, madume kumi na mmoja kwenye mstari, njuga zinalia, wanawake tumevaa aproni za sikukuu. Nyumba yake ilikuwa wazi, zizi tupu. Mtu akasema amemwona kabla ya jua kuchomoza akipanda njia ya mlimani na Ganta, bila mzigo. Nikasimama pale barabarani nikapaza sauti ili kijiji kizima kisikie:

"Mchoyo! Taifa linaomba farasi, yeye anakimbia naye kama mwizi!"

Wakanipigia makofi. Nakwambia, walinipigia makofi.

Uwanja wa shule ulikuwa umefagiliwa. Meza mbili, mwandishi na daftari, wasaidizi wanane vijana wenye nguvu, na daktari wa mifugo mwenye miwani na glavu nyeupe zilizofika kwenye viwiko. Mtu mpole kweli. Alitusalimu kwa kuinama, akatushukuru kwa kuja mapema vile. Kando yake kulikuwa na jiko la makaa, vyuma vimechomekwa ndani, ncha zimekuwa nyekundu.

Tulipoviona vile vyuma, unajua tulifanya nini? Tulifurahi. Vyuma vya alama! Tukaanza kusukumana tuwe wa kwanza.

"Mwaka jana ulitangulia wewe, Bi Sayo! Mwaka huu rudi nyuma!" Bi Toku akampiga kiwiko jirani yake.

"Rudi wewe na hicho kipipa chako chenye miguu!"

"Kipipa? Huyu ndiye baba wa watoto wote wanaokubebea mpunga, huna haya!"

Hata daktari alitabasamu. Bi Toku akatangulia, mimi nikamshika Asagiri hatamu.

Fimbo ikawekwa. Kijana akasoma kipimo, mwandishi akaandika, daktari akaguna.

"Amepungua vidole viwili," akasema.

"Mpime tena, bwana mkubwa," Bi Toku akadakia. "Ameinamisha shingo. Halafu huyo kijana amekandamiza fimbo. Kwato zake sijazikata mwezi mzima!"

Watu wakaangua kicheko. Daktari hakucheka. Akamtazama mama mkwe wangu, akautazama mkufu wa njuga, akayatazama masuko ya singa aliyoanza kuyasuka alfajiri. Nadhani pale ndipo alipoelewa kwamba hatujui. Mpaka leo namhesabia dakika ile. Alikuwa na mdomo, angeweza kusema. Akageukia wasaidizi, akawaashiria kwa kichwa.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "ana tabia gani huyu? Anapiga mateke?"

"Huyu? Wajukuu wa kijiji kizima wamejifunza kutembea kwa kumshika miguu."

"Vizuri sana. Basi wewe na binti yako mshikeni kichwa. Msemesheni. Akiwasikia ninyi atatulia."

Tukamshika. Wakamfunga kamba miguuni kwa ustadi, wakamlaza kwenye majani, naye akalala, kwa sababu sisi tulimwambia alale. Nilikuwa nimeshika sikio lake la kushoto. Bi Toku akamfunika jicho kwa aproni yake ili vumbi lisimwingie. Alikuwa anamwambia, "Baba, vumilia kidogo, wanakuangalia kwato tu."

Halafu Asagiri akalia. Sijui nikwambieje. Farasi wetu ni wakimya. Nilikaa naye miaka sita sijawahi kuisikia sauti ile. Mwili wote uliruka, sikio likachomoka mkononi mwangu, na harufu ya nyama inayoungua ikatufikia kabla hatujainua macho.

Bi Toku alikuwa bado ameshika aproni. Akauliza, kama mtu anayeuliza wageni wamepotelewa na kitu gani nyumbani kwake:

"Mnatafuta nini huko?"

"Tayari, mama," daktari akajibu. Kitu kikaanguka ndani ya ndoo. Halafu kingine.

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo linalonirudia. Wanawake kumi tuliowaacha nyuma kwenye mstari walisimama vilevile, wamekamata hatamu, midomo wazi. Kwenye lango kamba ilikuwa imeshavutwa na vijana wawili wamesimama. Bi Sayo, yule aliyekuwa akigombania zamu, akaanza kurudi nyuma hatua moja moja na farasi wake, njuga zikalia chin, chin, na kijana mmoja akamwambia, bila ukali wowote, "Zamu yako, shangazi."

Nikatoa tangazo kifuani. "Hapa hapajaandikwa hivi!" nikasema. "Bwana mkubwa, hapa pameandikwa kupimwa na kuchaguliwa!"

"Ndiyo," mwandishi akanijibu bila kuinua kichwa. "Tumepima. Hatukumchagua."

Kumi na mmoja walipimwa. Kumi na mmoja walipungua, wakahasiwa. Na kila mmoja alishikwa kichwa na mwanamke wa nyumba yake, kwa sababu bila sisi wasingelala. Hadi jua linafika utosini wamemaliza. Kunguru walikuwa juu ya paa la shule, wamejipanga. Mbwa wakafukuzwa kwenye ndoo. Daktari akavua glavu, akainama tena, akasema maneno haya, nayanukuu kama nilivyoyasikia:

"Farasi wenu wana adabu sana. Kazi imekuwa nyepesi."

Wakatugawia zawadi. Kitambaa cha pamba kila nyumba, kimechapwa picha ya farasi mrefu anayekimbia. Bi Toku alipokea chake kwa mikono miwili, akainama, kwa sababu mtu akikupa kitu unainama. Halafu akamfuta nacho Asagiri damu kwenye mapaja, njia nzima hadi nyumbani.

Jioni ile tukampikia kwanza. Desturi. Nikamwekea sufuria, naye akageuzia uso ukuta wa magazeti. Bi Toku akakaa karibu na moto, mkabala na zizi, hakugusa chakula.

"Nimemsuka mimi mwenyewe," akasema. Baadaye sana akaongeza, "Na wewe ukaenda kuwaita."

Hakulisema tena neno hilo hadi alipokufa, miaka miwili baadaye. Hakuwa na haja.

Wawili katika wale kumi na mmoja walikufa kwa usaha kabla ya mwezi wa sita. Badala yao serikali ikatuletea dume mrefu, chotara wa Kifaransa, mzuri wa kutazama, sikatai. Hakuweza kupita mlango wa nyumba yoyote ya Kayahara. Ikabidi wakate boriti ya nyumba ya mwenyekiti. Nyasi zetu hakula, alitaka shayiri. Majike wetu wadogo wakabebeshwa mimba zake. Jike wa Bi Sayo alikaa na uchungu wa kuzaa siku mbili. Mtoto alitoka kwa kuvutwa kamba, miguu mirefu kama ngazi, na mama akafia palepale zizini, kichwa kimelalia kizingiti cha jikoni. Mtoto alipofikisha miaka mitatu akapelekwa mlimani na gunia la mkaa, mguu wa mbele ukakatika kwenye jabali la kwanza.

Halafu, hebu sikia hii. Jeshi likarudi! Si kwa ajili ya machotara. Huko walikokuwa wanapigana kuna milima, na warefu walikuwa wanaporomoka na mizinga. Wakaja kuwachukua wafupi. Wale wale! Wale waliopungua vidole viwili sasa walikuwa na kimo kinachofaa. Nilimpeleka Asagiri stesheni mimi, kwa hatamu ile ile. Aliingia kwenye behewa bila kusukumwa. Tisa walikwenda. Haikurudi hata singa moja.

Sasa Yasoji. Alirudi kijijini siku tatu baada ya ile siku, peke yake, bila Ganta. Alikuwa amemtoa sadaka kwa mungu wa hekalu la Mitake, mbele ya kuhani na mashahidi, kwa maandishi. Farasi wa hekalu ni wa mungu. Ofisi ya farasi ilifika huko na fimbo yake, kuhani akawaambia, "Mpimeni, lakini mkimkata mtakuwa mmemkata mungu mwenyewe," nao wakaondoka. Mtu asiyejua kusoma aliokoa dume mmoja. Mimi msomaji niliua kumi na mmoja.

Nilimwendea na bakuli la tambi za soba na mboga zilizochachushwa. Miaka miwili ilikuwa imepita. Nilipiga magoti penye sakafu ya udongo.

"Inuka, soba inapoa," akaniambia. "Ulisema mimi mchoyo. Ni kweli, mimi mchoyo. Nilijiwekea mmoja."

"Babu, nisamehe."

"Mimi sikudai kitu. Nenda ukatafute majike, Kinue. Dume mmoja bila majike ni sanamu ya hekaluni tu."

Yasoji alikufa mwaka ambao vita vilikwisha. Tangu hapo nimezunguka mabonde yote haya kwa miguu ile ile iliyozunguka na tangazo. Watu wananikaribisha chai. Watu wananihurumia. Sheria ile ya kuhasi madume wafupi imefutwa, kila mtu anajua imefutwa, hakuna afisa anayekuja na fimbo. Na bado kila nyumba inaniambia: dada Kinue, maneno yako ni kweli, lakini mtoto wa chotara ni mrefu, anapendeza sokoni, na wewe mwenyewe si ndiye uliyetuponza? Ndiyo, ni mimi! Ndiyo maana naijua harufu yake inapokuja! Mara ya kwanza tulikatwa kwa sababu hatukujua. Safari hii hakuna kijana mwenye kamba langoni. Mnajikata wenyewe, mkijua.

Mwaka juzi nilipata jike mmoja, akapanda mlima, mimba ikaharibika. Mwaka jana kuhani aliniambia Ganta ameanza kukonda, anatafuna nyasi na kuzitema. Meno. Mwaka ujao sidhani.

Na wewe unaye jike. Nakuambia wewe uliyekuwa umeinama pale njia panda. Anaitwa Hagi, ana miaka tisa, rangi ya majani makavu, mstari mweusi mgongoni. Alitungwa mwezi mmoja kabla ya siku ile ya uwanja wa shule, na baba yake namjua kuliko unavyomjua wewe. Jana nimepita kwenye uzio wako. Ameinua mkia, anaita, hali nyasi. Hiyo ni siku yake ya tatu. Atakaa hivyo siku mbili nyingine, labda tatu, halafu joto lake litakwisha. Nawe umeshamwandikisha kwa yule Mfaransa wa kituo cha kupandishia, keshokutwa.

Usimpeleke. Acha hiyo karatasi mezani, simama. Njia ya mlimani haina theluji, nimeipita juma hili. Ukianza sasa utafika Mitake jua bado liko juu. Kuhani anajua, ameacha lango wazi. Mkeo atakuuliza unakwenda wapi, mwambie. Majirani watakucheka, wacheke. Ukiona aibu kwenda peke yako, pita mlangoni kwangu nitatangulia mimi mbele, mniite mimi jina lolote mnalotaka.

Lakini toka. Usimalize chai. Mfungue Hagi, mtoe nje, mwelekeze mlimani. Sasa hivi.